Maua Aliyoyanunua Dadi Nalinga

Ua halijazi gunia.

Vijana wawili wa Namihu, mtu na mdogo wake, walitupiwa maneno hayo na mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, siku walipokwenda kuomba fedha za kununulia ufuta wa watu ungali shambani, haujakomaa. Mweka hazina hakuwaeleza zaidi. Alisema hivyo tu, kisha akawaita waliokuwa nyuma yao. Wakatoka wamenuna, wakapita kwa Bi. Siwatu, aliyekuwa kibarazani kwake akichambua kunde, wakamshitakia.

"Tumeomba mkopo, bibi, tumejibiwa habari za maua," alisema mkubwa wao. "Maneno yale yana maana gani? Na nani aliyeyasema kwanza?"

Bi. Siwatu aliweka ungo chini.

"Aliyeyasema kwanza ni mwanamke wa hapa hapa," akajibu, "na hakuyasema ili amfundishe mtu. Yalimtoka kwa uchungu. Kaeni. Methali hii ilianza hivi."

Zamani, korosho za uwanda huu wa juu zilipokuwa zikinunuliwa na wafanyabiashara waliopanda na malori yao kutoka mjini, aliishi hapa mtu aliyeitwa Dadi Nalinga. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa mtu wa kuamka mapema, anayejua kila mkorosho wake umezaa nini mwaka juzi na mwaka jana. Shamba aliachiwa na mjomba wake, kama ilivyo desturi yetu kwamba mali ya mtu huenda kwa watoto wa dada yake. Mjomba alipokuwa mahututi alimwita Dadi pamoja na nduguye wa kike, Somoe, akawaambia: "Mikorosho ni mia moja na ishirini. Sitini ya upande wa njia ni ya Dadi. Sitini ya upande wa bondeni ni ya Somoe. Kuleni bila kugombana."

Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na maneno ya mgonjwa na masikio ya watu wawili. Kwa miaka mingi maneno hayo yalitosha.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, mwana wa kwanza wa Dadi alifikia kuingia jandoni. Mnajua mambo ya jando. Ngoma inataka kula, wageni wanataka kula, na baba wa mwali hataki kuchekwa. Fedha ya korosho ilikuwa imekwisha zamani, na mavuno mapya yalikuwa hayajafika. Mikorosho ndiyo kwanza imefunika vichwa vyake kwa maua. Huo ndio wakati ambao mfanyabiashara aitwaye Hilali alipenda kututembelea.

Hilali alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alisalimia watoto kwa majina yao na kuuliza hali za wagonjwa. Alikaa kwenye jamvi la Dadi, akanywa uji aliopewa, akatazama shamba, akasema, "Bwana Dadi, una magunia mengi pale juu. Niuzie manane sasa hivi. Nakupa shilingi kumi na mbili kwa kila gunia, taslimu. Ukivuna unanipa manane yangu, yaliyobaki ni yako."

Dadi alipokea shilingi tisini na sita. Jando likafana. Watu walikula wakasaza, na mwali alirudi nyumbani kwa vigelegele.

Mavuno yalipofika, mikorosho sitini ya Dadi ilitoa magunia ishirini. Lori la Hilali likapanda, manane yakapakiwa kwanza. Kisha Hilali akaanza kununua ya watu wengine, na Dadi akasikia bei aliyokuwa akiita: shilingi thelathini na sita kwa gunia.

Alisimama kando ya lori akipiga hesabu kwa vidole. Alichouza kwa shilingi tisini na sita kilikuwa na thamani ya mia mbili themanini na nane. Akarudia hesabu, ikatoka vile vile.

Mtu mwingine angejifunza asiuze maua tena. Dadi alijifunza jambo lingine: kwamba fedha iko kwa anayenunua.

Miezi ile yote alilitafakari jambo hilo. Alipokuwa akifyeka chini ya mikorosho alilitafakari, na alipokuwa akila alilitafakari, hata mkewe, Salima, akamwuliza kama ana homa. Hakumwambia. Maua yalipochanua tena mwaka uliofuata, alivaa kanzu yake ya Idi, akashuka mjini kwa miguu hadi dukani kwa Hilali.

"Nikopeshe shilingi mia sita," alisema baada ya salamu.

Hilali hakushtuka. "Mia sita za nini, ndugu yangu?"

"Nataka kununua maua. Watu wa Namihu ni jamaa zangu. Wataniuzia mimi kabla hawajakuuzia wewe. Kwa kumi na mbili kwa gunia nitapata magunia hamsini. Nitakuletea thelathini. Ishirini nitabaki nayo mimi kwa jasho langu."

Hilali aliona haraka kuliko Dadi kwamba magunia thelathini yatamfikia bila yeye kupanda mlima hata mara moja, wala kunywa uji wa mtu, wala kugombana na mtu.

"Na mwaka ukiwa mbaya?" akauliza.

"Mikorosho ile ilipandwa na mjomba wangu. Haijatunyima hata mwaka mmoja."

"Mimi sisemi itawanyima. Mimi nauliza tu, maana hata mimi fedha hii nimeikopa kwa watu wa bandarini, na wale hawana simile." Akamwita karani wake. "Andika kwamba Dadi Nalinga amepokea shilingi mia sita. Ataleta magunia thelathini ya korosho mwisho wa mavuno. Asipoyaleta yote, shamba lake la mikorosho litakuwa langu. Bwana Dadi, una mikorosho mingapi?"

Hapo Dadi aliweza kusema sitini. Neno lilikuwa karibu na ulimi. Lakini alijua sitini haitoshi kubeba shilingi mia sita, na aliamini pia kwamba karatasi ile haitatumika. Ni desturi tu ya watu wa mjini. Akasema, "Mia moja na ishirini."

Karani akamsomea yote kwa sauti, taratibu, neno kwa neno. Dadi akasikia, akaelewa, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika. Hakuna aliyemdanganya siku ile. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walimsingizia Hilali mengi.

Akapanda na fedha imefungwa kiunoni. Katika wiki mbili akawa amenunua maua ya nyumba kumi na tisa. Mzee Chikoko aliuza magunia manne ili aezeke nyumba. Mjane mmoja wa mtaa wa juu aliuza mawili ili alipe deni la nguo. Wengi waliuza kwa sababu tu fedha ilikuwa mbele yao, nao walikuwa na njaa ya miezi ile ya katikati. Dadi alitembea kijijini akiitwa "Bwana Mkubwa", kwa mzaha kwanza, kisha bila mzaha. Salima alipojua fedha imetoka wapi alimwuliza, "Umeweka nini rehani?" Akamjibu, "Jina langu."

Zilipobaki shilingi sitini, akaja Somoe.

Somoe alikuwa mjane. Mumewe alifariki akamwachia binti mmoja, Zaituni, wa miaka tisa. Mtoto yule alikuwa ameugua macho tangu masika. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, na la kushoto lilianza kutoa machozi. Somoe alikaa kwenye jamvi, akamweka mtoto magotini.

"Kaka," alisema, "nataka nimpeleke hospitali ya misheni. Wanasema dawa zinapatikana, lakini kuna nauli, kuna dawa yenyewe, na kuna kula yetu huko. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiwe mjomba wake."

Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Dadi alijua hivyo, na kila aliyekuwa pale uani alijua. Lakini shilingi zile sitini zilikuwa magunia matano, na magunia matano yalikuwa shilingi mia na themanini. Zote alikuwa amekwisha kuzihesabu.

"Dada," akasema, "fedha hii si yangu. Ni ya kazi. Nikikupa bure nitaharibu hesabu. Lakini niuzie magunia matano ya maua yako, kama walivyouza wenzako. Nitakupa kumi na mbili kwa kila gunia, sawa na wote, watu wasiseme nimependelea."

Somoe alimvuta mtoto karibu. "Unaninunua mimi?"

"Nanunua maua."

"Haya," akasema Somoe. Akapokea fedha kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kwa mgeni.

Salima alikuwa mlangoni. Walipoondoka alimwambia mumewe, "Ungempa." Moyoni Dadi aliapa kwamba mavuno yakifika, atamrudishia dada yake gunia moja, au hata mawili. Aliapa kwa dhati, na kiapo kile kilimpa raha.

Somoe alikwenda misheni na akarudi. Jicho la kulia halikupona, lilikuwa limekwisha. La kushoto lilianza kukauka machozi. Daktari alimpa dawa ya miezi mitatu na kumwambia, "Mrudishe mwezi wa kumi na moja, bila kukosa. Ukichelewa, na hili litalifuata lile la kulia." Somoe akahesabu kwamba kwa mwezi wa kumi na moja atakuwa amekwisha kutoa magunia matano ya kaka yake na kubaki na kumi na matatu. Nauli ipo.

Kisha, mwezi wa nane, ukaja ukungu.

Watu wa uwanda tumezoea ukungu wa asubuhi unaoondoka jua likichomoza. Huu haukuondoka. Ulikaa siku ishirini na mbili, mweupe na mzito, na ndani yake manyunyu baridi yasiyokoma. Mtu alisimama chini ya mkorosho asione matawi ya juu. Dadi alikuwa akienda shambani kila asubuhi, akivuta tawi la chini na kulitazama. Siku ya nane maua yaligeuka rangi ya kahawia. Siku ya kumi na mbili aliligusa shada, likamwachia unga mweusi viganjani. Siku ya ishirini alikwenda mashamba ya wote kumi na tisa, shamba baada ya shamba, akivuta matawi ya watu kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kote ilikuwa vile vile. Jua liliporudi, ardhi chini ya mikorosho ilikuwa imefunikwa na maua yaliyokufa.

Zilizosalia zilikuwa korosho chache za maua yaliyochanua baada ya ukungu. Mikorosho sitini ya Dadi, iliyozoea kutoa magunia ishirini, ilitoa matatu.

Naye alitakiwa kupeleka thelathini.

Hapo ndipo watu wa Namihu walipomwona Dadi mwingine. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Mwanzoni aliomba. Watu walimwonyesha nusu gunia, robo gunia, wakasema, "Ndugu, si unaona mwenyewe?" Baadaye aliacha kuomba. Alichukua walichonacho, na kilichopungua akakifidia kwa mali. Kwa Mzee Chikoko alifungua mbuzi wawili wa maziwa, mzee akiwa amekaa pale pale amemtazama. Kwa mjane wa mtaa wa juu alichukua sufuria kubwa na khanga mbili. Aliwaambia wote maneno yale yale: "Fedha yangu mlikula." Na walipompita njiani hawakumwita tena Bwana Mkubwa. Hawakumwita chochote.

Alikusanya korosho, akauza ile mali na kununulia korosho nyingine, na pamoja na matatu yake akapata magunia kumi na moja. Nyumba iliyobaki ilikuwa moja.

Alifika kwa Somoe asubuhi. Wanaume watatu walikuwa wamefuatana naye kubeba mizigo, na majirani, kwa kuwa walijua anakokwenda, wakasogea uani. Somoe alikuwa akianika korosho zake kwenye mkeka. Zilikuwa kidogo, nusu gunia, na alikuwa amezichagua moja moja. Zaituni alikuwa pembeni, amefunika jicho la kushoto kwa kiganja kwa sababu ya mwanga.

"Nimekuja kwa magunia matano," alisema Dadi.

"Karibu, kaka."

"Sikai, dada. Lori linapanda Ijumaa."

Somoe aliinuka. "Uliponipa zile shilingi sitini, ulinunua nini kwangu?"

"Magunia matano ya korosho."

"Hapana. Kumbuka vizuri. Mimi nilikuuliza kama unaninunua mimi. Wewe ulisema nini?"

Waliokuwepo siku ile walikuwepo na leo, na walikumbuka.

"Ulisema unanunua maua," akasema Somoe. "Basi maua yako sikuyala. Yapo."

Akaingia ndani, akatoka na gunia tupu na ufagio wa njukuti. Akaenda chini ya mikorosho iliyokuwa nyuma ya nyumba, akaanza kufagia maua yaliyokauka, akiyazoa kwa mikono na kuyatia guniani. Alifagia mkorosho wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyeondoka. Kila alipotia alilikanyaga gunia kwa mguu, nayo yakasagika yakawa vumbi, yakashuka. Alifagia mikorosho saba. Jasho lilimtiririka, na gunia lilikuwa halijafika hata magotini mwake. Akalirudisha uani, akaliweka mbele ya miguu ya kaka yake.

"Ona mwenyewe," akasema akihema. "Hata nikifagia shamba zima. Ua halijazi gunia, kaka. Ulijua hivyo uliponipa fedha, na mimi nilijua nilipoipokea. Sote tulijua."

Baadhi ya watu waliinamisha vichwa. Kama Dadi asingekuwa na deni kwa Hilali, siku ile angegeuka arudi nyumbani. Mwenyewe alisema hivyo miaka mingi baadaye. Lakini mbele ya macho yake kulikuwa na karatasi na alama ya kidole chake. Akaukunja mkeka, akazimimina zile korosho kwenye gunia lake.

"Hizo ndizo nauli ya macho ya Zaituni," alisema Somoe.

"Nitakurudishia," alisema Dadi.

Akaondoka nazo. Nusu gunia.

Ijumaa lori likapanda. Hilali alishuka na karani wake, akasalimia, akauliza hali za wagonjwa. Watu walikuwa wengi barabarani, maana kila mmoja alitaka kuona Dadi atafanywa nini. Magunia kumi na moja na nusu yakapakiwa. Hilali akasubiri mengine.

"Hayo ndiyo yaliyopatikana," alisema Dadi.

"Bado kumi na manane na nusu, ndugu yangu."

"Bwana Hilali, wewe mwenyewe uliuona ukungu. Maua yote yaliungua. Nimefanya kila niwezalo, nimewavua watu nguo. Nitatoa wapi?" Bila kufikiri akayatamka maneno aliyoyasikia siku tatu kabla, kana kwamba ni yake: "Ua halijazi gunia."

Hilali alitikisa kichwa polepole, kwa huruma ya kweli au iliyofanana nayo.

"Umesema kweli tupu," akajibu. "Ua halijazi gunia. Ndiyo maana, ingawa wewe ulinunua maua kwa wenzako, mimi kwako sikuandika maua. Niliandika mikorosho."

Akamwashiria karani. Karani akasoma karatasi kwa sauti, kama alivyoisoma mara ya kwanza. Iliposomwa "mikorosho mia moja na ishirini", mnong'ono ulipita katikati ya watu kama upepo kwenye majani makavu. Wote walijua Dadi ana mikorosho mingapi.

"Nipe mwaka mmoja," alisema Dadi.

"Watu wa bandarini wangenipa mwaka, nami ningekupa," alisema Hilali. "Hawanipi."

Siku hiyo hiyo vibarua wawili waliingia shambani na ndoo ya chokaa, wakipaka pete nyeupe kwenye kila shina. Walianza upande wa njia. Walipomaliza sitini ya kwanza hawakusimama. Wakavuka mpaka ambao haukuwa na jiwe wala karatasi, wakaendelea kuelekea bondeni.

Somoe alitoka ndani aliposikia sauti za watu. Aliwauliza vibarua wanafanya nini. Wakamwambia. Akasema wamekosea, mikorosho hii ni yake, wamwulize kaka yake, yeye ndiye shahidi. Dadi alikuwa amesimama nyuma yao.

"Waambie, kaka," alisema Somoe.

Dadi aliitazama ndoo ya chokaa.

"Waambie mjomba alisema nini."

"Niliiandika," alisema Dadi. "Niliiandika yote, dada. Sikudhani itafika huku."

Watu walisubiri apige kelele, amrukie, amlaani. Somoe hakufanya lolote katika hayo. Alimtazama yule kibarua mwenye brashi akimalizia pete kwenye shina aliloliegemea. Akasogea kidogo, ili ampishe.

Mwezi wa kumi na moja ukafika ukapita. Salima aliuza hereni zake na kumpelekea wifi yake fedha, lakini hereni zilikuwa za bati lililopakwa rangi, na fedha hazikutosha nauli ya mtu mmoja. Walipopata fedha ilikuwa mwezi wa pili. Daktari aliliinua kope la Zaituni, akatazama, akauliza mbona wamechelewa. Somoe akamwambia kulikuwa na ukungu. Daktari alidhani anazungumzia jicho.

Somoe hakurudi Namihu. Alipata kazi ya kubangua korosho kwenye ghala la mjini, kazi ile ambayo mafuta ya ganda huunguza vidole hadi vikapoteza alama zake, na Zaituni alikua akikaa kando yake. Dadi alibaki. Hilali alihitaji mtu anayeijua mikorosho ile, na hapakuwa na mwingine aliyeijua kuliko yeye. Akamwajiri kuifyekea na kuokota, kwa senti hamsini kwa siku. Kwa miaka kumi na minne aliokota korosho chini ya mikorosho ya mjomba wake na kuzitia kwenye magunia ya mtu mwingine. Alituma fedha mjini kila alipopata. Mara zote ilirudishwa, imefungwa vile vile alivyoifunga.

Mwanzoni maneno yale yalikuwa kejeli. Watoto wa watu aliowachukulia mbuzi na sufuria walikuwa wakimpitia shambani na kumwuliza kama gunia limejaa. Hakuwafukuza. Baadaye, wafanyabiashara wengine walipopanda mwezi wa maua na fedha zao taslimu, watu wakaanza kuwajibu kwa maneno yale yale, na wengine wakaja kumwuliza Dadi mwenyewe wafanye nini. Aliwaambia mambo machache: uza ulichoshika mkononi; ukilazimika kukopa, kopa kile ambacho mwaka mbaya unaweza kukilipa, usikope kwa kipimo cha mwaka mzuri; na usiweke rehani kitu ambacho mtu mwingine analala akijua ni chake. La mwisho alilisema akiwa ametazama chini. Alikufa mwezi wa saba, mikorosho ikiwa myeupe mitupu kwa maua, na Zaituni aliletwa mazikoni akiwa ameshikwa mkono. Mama yake hakuja.

Bi. Siwatu aliuchukua ungo wake, lakini hakuanza kuchambua.

"Huyo Somoe hakumsamehe?" aliuliza kijana mdogo.

"Sijui, mjukuu wangu. Watu husema mengi. Mimi najua hakuja." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mngekubaliwa huo mkopo, mngeweka nini rehani?"

Mkubwa alikuna shingo. "Kiwanja," akasema.

"Cha nani?"

"Cha mama."

"Mama anajua?"

Yule kijana mdogo alimtazama kaka yake, akingoja aseme ndiyo, na aliposubiri vya kutosha akajua. Akainuka, akajipangusa vumbi la suruali.

"Ua halijazi gunia," alisema taratibu, na safari hii hakuna aliyeuliza maana yake.